Vitabu Ninavyovisoma kwa Jua la Kisumu

Mteja akiingia ofisini kwangu hukutana kwanza na rafu ya vitabu, na wengi huniuliza jambo lile lile: hivi vyote vya ng'ambo vinakusaidiaje kupamba nyumba ya Kisumu? Wana haki ya kuuliza. Vitabu vingi vya mapambo na bustani viliandikwa na watu wasiolijua jua letu. Nitaeleza vile ninavyovipenda kuliko vyote, lakini lazima nianze na jua lenyewe.

Kitabu cha Uingereza kitakushauri sebule itazame kusini ipate jua, na chumba kinachotazama kaskazini ukipake rangi za kukipa joto. Ukifuata hayo hapa utapotea. Kisumu iko kusini kidogo tu ya ikweta, na ikweta yenyewe inapita pale Maseno. Nusu ya mwaka jua letu hupita upande wa kaskazini wa paa, nusu nyingine upande wa kusini, na saa sita mchana haliachani na utosi kwa zaidi ya nyuzi 24 hivi. Kwa sababu hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini unalindwa vizuri na paa lililotokeza mita moja. Ukuta unaotutesa ni wa magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua limeshashuka, linaingia dirishani moja kwa moja hadi kwenye kochi, na hakuna paa la kulizuia. Basi nikisoma neno "kusini" katika kitabu cha Ulaya, najiuliza mwandishi alikuwa anatafuta nini huko, mwanga au joto, kisha naamua kama mteja wangu anakihitaji kitu hicho.

Kijitabu ninachokirudia mara nyingi zaidi ni cha Mjapani, Jun'ichirō Tanizaki, kilichotoka mwaka 1933. Kinasifu kivuli. Anaanza na tabu ya mtu anayejenga nyumba ya kiasili huku akihangaika aufiche wapi waya wa umeme, tabu ambayo fundi yeyote wa hapa anaijua. Kisha anaeleza kwamba vyombo vya Kijapani vilivyopakwa rangi nyeusi inayong'aa na kunakshiwa dhahabu vilitengenezwa vitazamwe kwenye mwanga hafifu wa mshumaa; ukivileta chini ya taa kali uzuri wake unapungua.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini, kwa sababu niliiona nyumba ya nyanya yangu kule Vihiga. Kuta zilisiribwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe hadi zikawa laini kama ngozi. Dirisha lilikuwa moja, dogo. Ukiingia kutoka nje mchana ulikuwa huoni kitu, halafu polepole kibuyu cha maziwa kilichoning'inia ukutani kikaanza kujitokeza, kimeng'arishwa na moshi na mikono ya miaka mingi, na mwanga wa mlangoni ukikaa juu ya tumbo lake tu. Sijawahi kuona chombo kikipendeza hivyo dukani.

Siku hizi tunaweka dari ya jipsamu na kuizungushia taa kila pembe, usiku sebule inang'aa kama duka la dawa. Kuna nyumba moja Riat niliyoikuta na taa 22 kwenye dari ya sebule moja. Nilizima 14, nikaweka taa tatu za chini zenye vifuniko vilivyosukwa kwa mafunjo ya ziwani. Mama mwenye nyumba aliingia jioni, akasimama mlangoni. "Kijana wangu, taa zangu umezipeleka wapi?" Nikamwomba akae nazo wiki moja, asipozipenda nitarudisha zile za zamani bila malipo. Wiki ilipoisha alinipigia simu: "Hizi za kusuka, niletee mbili za chumbani."

Kitabu cha pili ni kizito hadi naogopa kukiazimisha. Ni A Pattern Language cha Christopher Alexander na wenzake, cha mwaka 1977, kina kurasa zaidi ya 1,100. Ndani yake wamepanga mambo 253, kuanzia miji mizima hadi kiti cha dirishani, na kila jambo linasema tatizo, sababu, na la kufanya. Sikubaliani nayo yote. Lakini kuna moja ambalo limenifaa kuliko masomo mengi ya darasani: varanda yenye kina cha chini ya futi 6 watu hawaitumii. Sababu ni kwamba watu wakikaa wanataka kuzunguka meza ndogo na kunyoosha miguu, na nafasi nyembamba inawalazimisha kukaa mstari mmoja kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa.

Angalia fleti mpya za mjini. Varanda ni futi 3, na kila ghorofa utakuta vitu vile vile: jeriken, mtungi wa gesi, kamba ya nguo. Hakuna mtu. Mteja akinibishia nachukua chaki, nachora futi 3 sakafuni, naweka viti vinne vya plastiki na kistuli cha chai, namwambia akae. Halafu nachora futi 6. Mpaka leo sijahitaji kueleza zaidi ya hapo.

Humo humo wanasisitiza chumba kiwe na mwanga kutoka pande mbili, ili macho yasiumizwe na dirisha moja linalowaka. Kisumu ushauri huo una faida ya pili ambayo naipenda zaidi: mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Chumba chenye madirisha pande mbili kinapata hewa saa zote hizo bila feni.

Upande wa bustani nilijifunza kwa hasara. Miaka ya mwanzo nilipanda safu ya lavenda, ua la Ulaya linalopenda udongo mkavu, mbele ya nyumba ya mteja kwa kuiga picha tu. Udongo ulikuwa ule mweusi wa nyanda za chini, unaopasuka Januari hadi kidole kinaingia, na masika ukawa uji. Maji yalisimama pale Aprili nzima. Mwishoni mwa Mei nikivuta shina, mizizi ilitoka laini, inanuka. Nilirudisha pesa.

Aliyenifafanulia kosa langu ni Beth Chatto, mkulima wa maua wa Essex, Uingereza. Aliandika juu ya bustani kavu mwaka 1978 na juu ya bustani yenye unyevu mwaka 1982. Yeye huanza kwa kuuliza mmea unaishi wapi porini, kisha ndipo autafutie mahali. Baadaye aligeuza uwanja wa kuegesha magari kuwa bustani ya kokoto ambayo hainyweshwi maji. Maua yake mengi siwezi kuyatumia. Ila udongo wetu mweusi ni bustani kavu na bustani ya unyevu kwa zamu, basi navisoma vitabu vyote viwili pamoja: maua ya kana na mafunjo naviweka bondeni, mishubiri naipandisha juu ya tuta lililochanganywa na kokoto.

Cha mwisho hakina picha za rangi na hakijaandikwa kwa ajili ya wapambaji. Ni kitabu cha Henk Beentje cha miti, vichaka na mitambazi ya Kenya, kilichochapishwa na Makumbusho ya Taifa mwaka 1994. Nakipendea majina. Kinaorodhesha miti kwa lugha zetu nyingi. Nilikuwa nikimtafuta lusiola wa kwetu, mwenye maua ya njano kama tarumbeta, na muuza miche barabarani akashikilia kwamba hana, ana siala tu. Tulibishana nusu saa. Nyumbani nikafungua kitabu: Markhamia lutea, mti mmoja, sisi Waluhya na Wajaluo tumeuita majina mawili. Kesho yake nilirudi nikanunua miche 12, nikaipanda upande wa magharibi wa nyumba niliyokuwa naishughulikia, pale jua la saa tisa lilipokuwa likiingia.

Ukiweza kupata kimoja tu, anza na Tanizaki. Ni kifupi, ukipanda matatu Kisumu asubuhi utakuwa umekimaliza kabla ya Nakuru.