Kiendelezi cha faili ni nini, na kwa nini hati yako inakataa kufunguka

Tazama faili iitwayo barua.docx. Neno lililo kabla ya nukta ni jina ulilolipa wewe. Herufi zilizo baada ya nukta, yaani docx, ndizo kiendelezi. Kazi yake ni kuijulisha kompyuta ni programu gani iitwe unapobofya faili mara mbili. Windows ikiona docx humwita Word au programu nyingine ya kuandikia. Ikiona pdf humwita msomaji wa PDF. Ikiona jpg hufungua picha.

Zamani za MS-DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, jina la faili lilikuwa na herufi zisizozidi 8, kisha nukta, kisha kiendelezi cha herufi zisizozidi 3. Ndiyo maana viendelezi vingi bado ni vifupi hivyo.

Jambo ambalo watu wengi hawajaelezwa ni kwamba kiendelezi hakibadilishi kilichomo ndani. Jikoni kwetu kopo la Blue Band likiisha huwekwa chumvi. Maandishi ya nje yanasema siagi, lakini ukichota ni chumvi. Faili nayo ni hivyo hivyo.

Binti wa kaka yangu aliomba kazi ambayo tangazo lake lilitaka wasifu kwa PDF. Aliandika vizuri katika Word, kisha akafuta docx kwenye jina na kuandika pdf. Windows ilimwonya kwamba faili huenda isitumike tena, akakubali, akatuma usiku wa mwisho. Kesho yake akajibiwa kuwa faili haifunguki. "Shangazi, mbona mimi naona alama ya PDF kabisa?" Aliiona kweli, kwa sababu alama hufuata kiendelezi. Lakini PDF halisi huanza na maandishi %PDF, na msomaji wa PDF alipochungulia ndani hakuyakuta. Iliniuma, maana alikuwa amejituma. Dawa ilikuwa kurudisha docx kwenye jina, kuifungua kwa Word, kisha kuihifadhi upya kwa kuchagua PDF kwenye orodha ya aina za faili. Hapo ndipo kilichomo hubadilishwa kweli.

Wakati mwingine faili ni nzima ila programu ndiyo haipo. Docx ilikuja na Office ya 2007. Kompyuta yenye Word ya zamani zaidi inajua doc tu. LibreOffice ni ya bure na hufungua zote mbili, kwa hiyo huna haja ya kununua chochote ili usome barua moja.

Na ukipokea faili isiyo na kiendelezi chochote? Ifungue kwa Notepad utazame herufi za mwanzo tu, kisha funga bila kuhifadhi. Ukiona %PDF, ongeza .pdf kwenye jina. Ukiona PK, hiyo ni zip, yaani faili moja iliyofungasha faili nyingi ndani yake, na docx, xlsx (ya Excel) na pptx (ya PowerPoint) zote kwa ndani ni zip. Hili lina faida kubwa: hati ya docx ikigoma kabisa, tengeneza nakala yake, badilisha kiendelezi cha nakala kiwe zip, uifungue. Zip ikikubali kufunguka, ingia folda ya word, kisha media, na picha zilizokuwa ndani ya hati utazikuta humo.

Tatizo ni kwamba Windows, isipoelekezwa vingine, huficha viendelezi inavyovifahamu. Unaona "barua" mbili zinazofanana na hujui ipi ni ipi. Kibaya zaidi, Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea kwa barua pepe kikiwa na faili LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Pale kiendelezi kilipofichwa, watu waliona TXT wakadhani ni maandishi tu, kumbe vbs ni programu. Nakusihi uvifichue leo. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bofya View, kisha Show, kisha weka tiki kwenye File name extensions. Kwenye Windows 10 tiki hiyo ipo ndani ya View moja kwa moja.

Kiendelezi husaidia pia hati inapopotea. Umesahau jina? Fungua This PC, andika *.docx kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha panga matokeo kwa tarehe ya kubadilishwa. Hati uliyoishughulikia jana itapanda juu. Ulichopakua kutoka WhatsApp au barua pepe kitafute kwanza kwenye folda ya Downloads.

Ukichomeka flashi ukakuta kila folda imegeuka njia ya mkato, yaani kiendelezi chake ni lnk, usibofye na usiifomati. Mara nyingi ni kirusi kilichoficha faili zako na kuweka njia za mkato mahali pake. Safisha kompyuta na flashi kwa programu ya kuzuia virusi. Kisha fungua Command Prompt, yaani dirisha la kuandikia amri, na kama herufi ya flashi kwenye This PC ni E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ubonyeze Enter. Faili zilizokuwa zimefichwa tu zitaonekana tena.