Maziwa ya mama "mepesi": maabara inapima nini?

Akina mama wengi hapa Mwanza, kuanzia Igogo hadi Kirumba, huambiwa maziwa yao ni mepesi kama maji, kwa hiyo mtoto aongezewe ya ng'ombe. Tafadhali, mama, usikubali. Rangi na wepesi wa maziwa havionyeshi kiasi cha protini.

Kipimo kikongwe cha protini kilibuniwa na mwanakemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, mwaka 1883. Maziwa huchemshwa kwenye asidi ya salfuriki hadi naitrojeni iliyomo kwenye protini igeuke amonia, amonia inapimwa, kisha naitrojeni iliyopatikana inazidishwa kwa 6.25 ili kukadiria protini. Hapo ndipo pa kuwa makini. Karibu robo ya naitrojeni ya maziwa ya binadamu haimo kwenye protini. Imo kwenye urea na vitu vingine vidogo. Kwenye maziwa ya ng'ombe ni kama asilimia 5 tu. Mpimaji asipoitoa hesabuni, ataandika protini isiyokuwepo. Ndiyo maana protini hugandishwa kwanza kwa asidi nyingine, ikachujwa na kupimwa peke yake.

Sampuli nayo ina masharti yake. Maziwa yana vimeng'enya vinavyokata protini, hivyo chupa inayovuka kwa kivuko kutoka Ukerewe isafiri kwenye barafu.

Majibu ya kawaida ni kama gramu 1 kwa mililita 100. Dang'a, yale ya siku za kwanza, huwa na zaidi. Ya ng'ombe yana gramu 3.3 hivi, lakini ndama hukua haraka kuliko mwanadamu, na figo changa za mtoto hulemewa na ziada hiyo. Isitoshe, sehemu kubwa ya protini za mama ni walinzi: kingamwili, na laktoferini inayowanyima bakteria madini ya chuma. Dagaa na sato mama ale kwa ajili ya mwili wake mwenyewe. Haviongezi sana protini ya maziwa.

Mtoto njiti ndiye anayehitaji kipimo hiki zaidi. Anahitaji gramu 3.5 hadi 4 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akinywa kwa siku mililita 180 za maziwa yenye gramu 1 kwa mililita 100, kwa kila kilo ya uzito wake, anapata gramu 1.8 tu kwa kilo. Mama yake aendelee kukamua, na kirutubisho cha kuchanganya humo kipangwe na daktari wa wodi.