Mtumishi wa umma na chama cha siasa: yanayosemwa vijiweni na yaliyo kwenye sheria

Ukikaa na walimu, wauguzi au maofisa wa halmashauri miezi michache kabla ya uchaguzi, utasikia mambo mawili yanayopingana yakisemwa kwa uhakika uleule. Mmoja atakuambia mtumishi wa umma hana ruhusa hata ya kuwa na kadi ya chama. Mwingine atasema mshahara unatoka serikalini, serikali ni ya chama kilichoshinda, kwa hiyo mtumishi ni wa chama hicho apende asipende. Wote wawili wamekosea, na makosa yao yanaumiza watu. Wa kwanza ananyamaza mahali ambapo ana haki ya kusema. Wa pili anajiona ana deni kwa chama, na mara nyingi deni hilo hulipwa na mwananchi aliyepanga foleni dirishani.

"Mtumishi haruhusiwi kuwa na chama"

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania imewataja kwa kazi zao wale wasioruhusiwa. Ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, na inafafanua kwamba anayekusudiwa ni askari wa Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza au Jeshi la Kujenga Taifa. Ibara ya 113A inawakataza majaji, wasajili wa mahakama na mahakimu. Ibara ya 74 inawakataza wanaohusika na uendeshaji wa uchaguzi. Hata hao hawakunyimwa kura: kila katazo linakuja na maneno yanayowabakishia haki ya kupiga kura.

Mwalimu, mganga, mhasibu na bwana shamba hawamo katika orodha hiyo. Wanaweza kuwa wanachama wa chama wanachokitaka. Kinachowabana ni maadili ya utumishi: wasifanye shughuli za siasa saa za kazi wala ofisini, wasitoe huduma kwa upendeleo wa chama, wasivujishe kwa chama chao nyaraka au taarifa walizozipata kwa sababu ya cheo. Bwana shamba anayetoka kazini saa tisa na nusu na jioni akahudhuria kikao cha tawi lake hana kosa. Akikifuata kikao hicho kwa pikipiki ya idara, kosa limeanza. Akiandikisha wakulima wa mbolea ya ruzuku huku akiangalia nani alikuwa kwenye mkutano wa nani, hapo ameharibu kazi yenyewe aliyoajiriwa kuifanya.

"Hayo ya kutenganisha utumishi na siasa ni mambo ya wakoloni"

Dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana inaishi. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Tanganyika, chini ya Gavana Edward Twining, iliwakataza watumishi wake kujihusisha na vyama vya siasa. Shabaha ilikuwa wazi: Waafrika wachache waliokuwa wamesoma, wengi wao wakiwa makarani, walimu na waganga wa serikali, wasiweze kuongoza harakati. TANU, chama kilichopigania uhuru, kilipoanzishwa Julai 7, 1954, watumishi wengi walilazimika kuiunga mkono kwa siri. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekuwa akifundisha shule ya misheni ya Pugu, alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, na mwaka 1955 akaacha kazi. Mzigo wa kujitokeza hadharani wakaubeba wale ambao hawakuajiriwa na serikali, wafanyabiashara wadogo na wanawake kama Bibi Titi Mohamed, na sidhani kama tumewahi kuwashukuru vya kutosha.

Kwa hiyo hofu ya katazo la namna ile ina historia. Lakini kilichofuata baada ya uhuru kilikuwa kinyume chake, nacho kikazaa madhara yake. Mwaka 1964 watumishi wa serikali waliruhusiwa kujiunga na TANU, na kuanzia 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Azimio la Arusha la 1967 liliweka masharti ya uongozi yaliyowafunga pamoja viongozi wa chama na watumishi wa serikali wa ngazi za juu na za kati. CCM ilipozaliwa Februari 5, 1977, chama kilikuwa kimeshika hatamu kwelikweli: kulikuwa na matawi ya chama sehemu za kazi, viwandani, maofisini na hata jeshini. Mtu aliyeanza kazi miaka hiyo alifundishwa kwamba kupanda cheo na kuwa mkereketwa vinakwenda pamoja, na wala hakuwa akikosea, kwa sababu ndivyo mfumo ulivyokuwa.

Mfumo huo ulikoma kisheria mwaka 1992. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliripoti kwamba Watanzania wengi waliohojiwa, takriban asilimia 80, walitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, na Bunge likabadilisha Katiba. Matawi ya chama yakaondolewa makazini na jeshini. Mazoea hayakuondoka siku hiyo. Waliokuwa makarani mwaka 1992 ndio waliokuja kuwa wakuu wa idara na kuwafundisha kazi vijana waliofuata, kwa maneno na kwa vitendo, na ninaamini sehemu kubwa ya dhana tunazobishana nazo leo zilirithiwa kwa njia hiyo.

"Balozi ni serikali"

Balozi wa nyumba kumi ndiye mfano ulio karibu nasi kuliko wote. TANU ilianzisha mashina ya nyumba kumi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na balozi akawa mtu wa kila kitu: kupatanisha majirani, kuandikisha wageni, kutoa taarifa, kumtambulisha mtu ofisi za juu. Enzi za chama kimoja hakukuwa na sababu ya kuuliza kama anafanya hayo kwa niaba ya chama au ya serikali. Tangu 1992 balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa shina la CCM, basi. Hana mamlaka ya kiserikali juu ya jirani yake, awe na kadi ya chama hicho, ya chama kingine au hana kabisa.

Hata hivyo mama anayetaka barua ya utambulisho ili mwanawe apate mkopo wa masomo, au ili afungue akaunti benki, bado anaweza kukutana na swali, "Umepita kwa balozi?" Akiwa hana maelewano na balozi, au mumewe anajulikana kwa bendera ya chama kingine iliyo juu ya paa, safari yake inaanza kuwa ngumu kabla hajafika kunakohusika.

Kunakohusika ni ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji, na humo wamo watu wawili ambao wengi huwachanganya. Mwenyekiti amechaguliwa kwa kura na alipitia chama. Mtendaji ameajiriwa, analipwa mshahara, anaweza kuhamishwa leo au kesho, na hana jimbo la kulinda. Mwenyekiti ana haki ya kuwa mwanasiasa, kwa kuwa ndicho alichochaguliwa kuwa, ingawa akikaa kwenye kiti cha ofisi anawahudumia wakazi wote. Mtendaji hana fursa hiyo hata kidogo awapo kazini. Muhuri anaotumia ni wa serikali, na mkazi wa upinzani ana haki nao sawasawa na mwenye kadi ya kijani ya CCM.

"Kutekeleza Ilani ni kufanya siasa"

Hapa wanaokosea ni baadhi ya watu wanaoutetea utenganisho huu kwa moyo wote. Chama kikishinda, ahadi zake huingia kwenye mipango ya serikali, mipango ikaingia kwenye bajeti, Bunge au baraza la madiwani likaipitisha. Mhandisi anayejenga daraja lililoahidiwa kampeni hafanyi siasa. Anatumia fedha iliyoidhinishwa, na angetakiwa kufanya hivyohivyo kama chama kingine kingeshinda na kupitisha mpango tofauti. Mtumishi anayezembea kazi kwa kuwa haipendi serikali iliyopo amevunja maadili kama yule anayeipigia debe.

Ugumu unakuja kwenye desturi moja ambayo tumeshaizoea kiasi cha kutoiona. Kamati ya siasa ya chama tawala, ya wilaya au ya mkoa, inapita kukagua miradi. Mhandisi anasimama mbele ya jengo la zahanati ambalo halijaezekwa, anasoma taarifa: fedha zilizopokelewa, zilizotumika, sababu ya kuchelewa. Wajumbe wanauliza, wengine wanakaripia. Chama kina haki ya kufuatilia ahadi zake, sibishi. Lakini mwajiri wa mhandisi ni halmashauri, na wanaopaswa kumhoji ni mkurugenzi, madiwani kwenye vikao vyao na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Taarifa ile aliyoisoma si siri ya chama. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi nafasi ya kuiomba. Chama cha upinzani kikiiomba kikaambiwa kisubiri, wakati chama tawala kimesomewa pale uwanjani, upendeleo umeshafanyika.

"Wote wanaokaa ofisi ya serikali ni watumishi wa aina moja"

Sivyo. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya ni wateule wa Rais na kazi yao ina siasa ndani yake. Pembeni yao yupo Katibu Tawala, ambaye ndiye mtendaji, na ambaye anatarajiwa kuijua ofisi kuliko mteule anayekuja na kuondoka. Ni muhimu kuijua tofauti hii, kwa sababu Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wilaya uwezo wa kuagiza mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48. Uwezo huo una masharti, na haukuwekwa kuwa adhabu. Unapotumika kumweka ndani muuguzi au mwalimu kwa sababu ya kuchelewa kazini au kujibu kwa namna isiyopendeza, mtumishi anayeshuhudia hajifunzi nidhamu. Anajifunza kwamba usalama wake uko kwa mwanasiasa.

Vivyo hivyo kwa wanaotangaziwa jukwaani kwamba kazi basi. Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 inataka mtuhumiwa apewe mashtaka kwa maandishi, ajitetee, uchunguzi ufanyike, na uamuzi utolewe na mamlaka yake ya nidhamu. Makofi ya mkutano hayamo katika hatua hizo.

"Uadilifu wa mtu unatosha"

Swali la kama uadilifu wa mtu unatosha kumzuia asipendelee chama lilifika mahakamani. Kwa muda mrefu wakurugenzi wa halmashauri, wanaoteuliwa na Rais, ndio waliokuwa wasimamizi wa uchaguzi. Mei 2019 Mahakama Kuu, katika shauri la mwanaharakati Bob Chacha Wangwe, iliona kwamba utaratibu huo unakwenda kinyume cha Katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na miongoni mwa hoja ilikuwa kwamba sheria ina kinga zake. Kinga moja ni kiapo: msimamizi hutamka mbele ya hakimu kwamba anajitoa kwenye chama chake, au kwamba si mwanachama wa chama chochote. Sheria mpya ya uchaguzi, Na. 1 ya 2024, sasa inasema wasimamizi wateuliwe miongoni mwa watumishi wa umma waandamizi.

Ninaiheshimu hukumu, na ninaamini wapo wakurugenzi wanaokishika kiapo hicho kwa dhati. Bado kiapo cha wiki chache hakimwondolei mtu hofu ya yule aliyemteua na anayeweza kutengua uteuzi wake kwa taarifa ya mistari mitatu. Tukimwekea mtumishi mazingira ambamo haki inamgharimu ajira, tusishangae wachache wakiweza kuilipa gharama hiyo.

Wakenya wanalijua hili kwa uchungu. Kwenye uteuzi wa wagombea wa KANU, chama tawala cha wakati huo, mwaka 1988, wapiga kura walipanga mlolongo nyuma ya wagombea, na maofisa wa utawala wa mikoa ndio waliosimamia hesabu. Sehemu kadhaa mlolongo mfupi ulitangazwa mshindi mchana kweupe. Katiba yao ya 2010 iliandikwa na watu waliokumbuka hayo: kifungu cha 77 kinamzuia afisa wa serikali aliyeteuliwa kushika wadhifa katika chama, na cha 236 kinamlinda afisa wa umma asidhulumiwe kwa kufanya kazi yake kisheria. Anayetaka kugombea anatakiwa na sheria ya uchaguzi ajiuzulu miezi 6 kabla. Kwa uchaguzi wa Agosti 9, 2022, mwisho ulikuwa Februari 9. Sheria hazikuwazuia baadhi ya mawaziri kuonekana majukwaani mwaka huo, lakini angalau mwananchi alikuwa na kifungu cha kuwanyooshea.

"Mkubwa akiagiza, kosa ni lake"

Dhana hii ndiyo inayowaponza vijana wanaoanza kazi. Simu inapigwa Ijumaa jioni: gari la halmashauri, lenye namba za SM, liwepo kesho asubuhi, kuna wageni wa kupeleka mkutanoni. Hakuna barua. Dereva anajaza kitabu cha safari, anaandika "kazi maalumu", ofisa usafirishaji anasaini mafuta. Miezi kadhaa baadaye mkaguzi anapofungua kitabu kile, majina anayoyakuta ni ya dereva na ofisa usafirishaji. Aliyepiga simu hayumo.

Mtumishi anawajibika kutii maagizo halali. Gari la umma kwenda kwenye shughuli ya chama si agizo halali, liwe limetoka kwa nani. Anayeagizwa anaweza kuomba, kwa adabu, aandikiwe, na mara nyingi ombi hilo peke yake hulimaliza jambo, kwa kuwa hakuna anayetaka kuweka saini yake hapo. Na akichukuliwa hatua za nidhamu kwa kukataa, anaweza kukata rufaa kwenye Tume ya Utumishi wa Umma, akiwa na nakala ya barua aliyoandika kuomba agizo hilo.