Ukikabia juu, tazama kichwa cha mwenye mpira

Vijana ninaowafundisha wanapenda kukabia juu, yaani kumbana mpinzani karibu na lango lake, kwa sababu ya mechi moja ya Ligi ya Mabingwa Ulaya: Bayern Munich 8, Barcelona 2, Lisbon, Agosti 14, 2020. Hadi mapumziko ilikuwa 4-1. Hamu yao naielewa. Barcelona walitaka kuanza na pasi fupi kutoka kwa kipa, na kila aliyepokea alikuta mtu ameshamfikia. Ukipokonya mpira mita 25 kutoka lango la mpinzani, mabeki wake bado wametawanyika wakijiandaa kushambulia. Pasi mbili zinatosha kufunga.

Ila mimi nawaonyesha kwanza mechi iliyofuata, siku tano baadaye, nusu fainali dhidi ya Lyon. Bayern walishinda 3-0, na anayesoma matokeo tu haoni kitu. Mapema kabisa Memphis Depay wa Lyon alichomoka nyuma ya mabeki, akabaki na kipa Manuel Neuer, akapiga nyavu za pembeni. Kisha mwenzake Karl Toko Ekambi akagonga nguzo. Muda mfupi baadaye, dakika ya 18, Serge Gnabry wa Bayern akafunga na mchezo ukageuka. Lyon wangeweza kuwa wanaongoza 2-0.

Mabeki wa Hansi Flick, kocha wa Bayern wakati huo, walisogea hadi karibu na mstari wa kati, na ilibidi: washambuliaji wakikaba juu huku mabeki wamebaki nyuma, viungo wa mpinzani wanapata uwanja mzima wa kuchezea. Lakini mstari huo uko salama pale tu mwenye mpira anapobanwa. Akipata sekunde moja, mabeki wale wale wanageuka kukimbizana na winga kuelekea goli lao.

Ndiyo maana mazoezini nasimamisha mchezo na kumuuliza beki wa kati: mwenye mpira anatazama wapi? Akiwa ameinama, ametupa mgongo, au amepokea pembeni ambako mstari wa uwanja nao unamkaba, tunapanda wote. Akiinua kichwa na kuvuta mguu nyuma kutaka kupiga, tunashuka papo hapo, hata kama mshambuliaji wetu bado anamkimbilia.

Kosa ninaloliona mara nyingi, hata hivyo, huanzia mbele. Wawili wanakaba kwa nguvu, wa tatu anatembea, na huyo ndiye anayempa mpinzani ile sekunde. Mara nyingi si uvivu, ni pumzi. Nikiona winga ameshika magoti dakika ya 65, namtoa. Nisipokuwa na wa kumwingiza, nawashusha mabeki mita kumi na tunaanza kukaba katikati ya uwanja.