Si manjano ya jikoni

Bi mkubwa mmoja aliusogelea ubao wangu wa picha ukumbini, akanusa, akauliza: "Mwanangu, hii umepaka manjano?" Manjano niliwahi kuyajaribu. Kwenye chokaa mbichi yaligeuka mekundu palepale. Kwenye karatasi niliyoiacha dirishani, jua likayala.

Njano aliyoiona ni udongo. Wekundu wa kinongo chetu, ule udongo mwekundu wa Zanzibar, ni kutu ya chuma, na njano nayo ni kutu, ila imeshika maji ndani yake. Ukaange udongo wa njano kwa moto mkali, kama nyuzi 300 hivi, maji yanatoka na unageuka mwekundu. Shimo moja, rangi mbili.

Vijana huniuliza shimo liko wapi. Shimo si kitu, kazi iko kwenye kuosha. Naloweka, nakoroga, nahesabu mpaka thelathini, halafu namimina tope jepesi ndoo ya pili. Mchanga unabaki chini. Narudia mara nne, tano, mpaka nikisugua kwa vidole nisisikie chenga. Maji ya kisima cha pwani siyataki: chumvi yake huja kuchanua juu ya picha kama ukungu mweupe. Kisha tope lituame siku mbili bila kuguswa. Kwa mtu aliyezoea kupuliza rangi za kopo kwenye kuta za Ng'ambo, mjini Zanzibar, siku mbili hizo ni adhabu.

Likikauka nalisaga kwenye msio wa marehemu bibi, lile jiwe lake la kusagia liwa ya kujipaka (angeniona angenichapa). Nachanganya na kiini cha yai, ute natupa. Napaka kwenye ubao, si turubai, maana kiini kikishakauka hakipendi kukunjwa, kinapasuka. Na yai huoza, masika ndiyo usiseme, kwa hiyo natia tone la mafuta ya makonyo kutoka Wawi, Pemba. Tone moja tu. Ukizidisha rangi inagoma kushika. Harufu aliyoinusa bi mkubwa ilikuwa karafuu.

Buluu ardhi yetu haikunipa. Bahari zangu ni masizi ya kibatari na chokaa kongwe iliyosagwa: kijivu kitupu, lakini kiweke kando ya kinongo, jicho linaona maji. Nilimweleza hivyo, akaniangalia kama namficha.

"Sema kweli, mwanangu. Buluu hii umeinunua duka gani?"