Kupima umeme katika giligili iliyovuka nukta ya upeo: maana yake nini?

Kaboni dioksidi ikipashwa moto kupita nyuzi 31 za selisiasi, huku mgandamizo ukizidi baa 74 hivi, haiwi tena gesi wala kiowevu. Mpaka kati ya hali hizo mbili hufifia, kisha hutoweka. Hali hiyo, aliyoigundua Charles Cagniard de la Tour wa Ufaransa mwaka 1822, ndiyo tunayoiita giligili iliyovuka nukta ya upeo. Hupenya upesi kama gesi na huyeyusha vitu kama kiowevu, ndiyo maana viwanda huitumia kuondoa kafeini kwenye buni.

Lakini ikiwa peke yake hushindwa na vitu vingi vyenye molekuli za ncha mbili za chaji, kwa hiyo huongezewa ethanoli kidogo. Hapo linakuja swali: mchanganyiko huo una nguvu gani ya kuyeyusha? Chombo kimefungwa kwa boliti na huwezi kukifungua. Umeme ndio unaojibu.

Kinachopimwa hasa ni kiwango cha dielektriki, yaani jinsi molekuli zinavyoitikia uga wa umeme; kadiri kinavyopanda, ndivyo mchanganyiko unavyoelekea kuyeyusha vitu vya ncha mbili. Ombwe, yaani nafasi isiyo na kitu, ni 1. Katika nyuzi 25, ethanoli ni kama 24 na maji ni 78. Kaboni dioksidi iliyovuka upeo haifiki hata 2, na hubadilika kadiri unavyoibana.

Ndani ya chombo huwekwa silinda mbili za chuma, moja ndani ya nyingine bila kugusana: hiyo ni kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji. Pima kapasitansi yake (uwezo wake wa kuhifadhi chaji) kwenye ombwe, jaza mchanganyiko, pima tena, kisha gawanya cha pili kwa cha kwanza. Hesabu ni nyepesi. Kazi iko kwenye waya. Lazima waya upite kwenye ukuta wa chuma bila kuvujisha wala kugusa chuma hicho, na waya wenyewe una kapasitansi yake, ambayo usipoiondoa huharibu jibu lote, kwa kuwa tofauti unayoitafuta ni ndogo mno.

Mchanganyiko nao sharti ukorogwe. Ukijitenga matabaka mawili, usomaji huyumba au huruka ghafla, na kwangu huo ndio uzuri mkubwa wa kipimo hiki: hukuonyesha utengano hata kama chombo hakina dirisha.

Upitishaji wa umeme hupimwa pia, hasa kukiwa na chumvi iliyoyeyuka. Hutumika mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo kila mara, ili ayoni (chembe zenye chaji) zisirundikane kwenye elektrodi, vipande vinavyoingiza umeme huo.