Kapteni wa majini si kapteni wa nchi kavu

Wengi huamini kwamba kapteni ni kapteni tu, awe wa jeshi la majini au la nchi kavu. Sivyo. Katika majeshi ya Uingereza na Marekani, kapteni wa majini analingana na kanali. Kapteni wa nchi kavu yuko ngazi tatu chini yake, sawa na luteni wa majini.

Chanzo ni neno lenyewe, linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Nchi kavu, kapteni alikuwa kichwa cha kombania, watu mia hivi. Baharini alikuwa kichwa cha meli nzima: Thomas Hardy, kapteni wa HMS Victory kwenye vita vya Trafalgar mwaka 1805, alikuwa na watu wapatao 820.

Tazama mkono wa koti. Kapteni wa majini wa Uingereza ana mistari minne ya dhahabu, na ule wa juu umekunjwa kitanzi. Wa Marekani pia ana minne, kila mmoja upana wa nusu inchi, lakini badala ya kitanzi huwa na nyota juu yake, kwa maofisa wa mapigano.

Kosa hutokea zaidi kwenye kola za sare za kaki za Marekani. Vipande viwili vya fedha vilivyo sambamba ni vya luteni wa majini, na ndivyo hivyo hivyo anavyovaa kapteni wa nchi kavu. Kapteni wa majini huvaa tai aliyetandaza mabawa, alama ileile ya kanali.

Jambo moja zaidi: anayeongoza meli ya kivita huitwa kapteni na mabaharia wake hata kama cheo chake ni kamanda, mistari mitatu. Hicho ni cheo cha kazi, si cha begani.